Kinamasi Hulindwa Kabla ya Lori la Kwanza

Lori la kwanza huja usiku, mara nyingi baada ya saa nne. Linamwaga udongo wa marram pembeni mwa mafunjo na kuondoka. Asubuhi unakuta kichuguu chekundu kisichofika kiunoni, na hakuna anayeuliza. Wiki inayofuata yanakuja malori mawili. Kisha mtu anapanda magimbi juu ya udongo ule ili paonekane kama shamba la siku nyingi. Kisha yanasimama mabati manne. Likija suala la kumwondoa, tayari kuna msingi wa nyumba, watoto wanaosoma shule ya jirani, na karatasi ya mauzo yenye muhuri wa LC, yaani baraza la mtaa.

Nimeyaona haya kwa macho yangu. Kwenye uchaguzi wa LC wa 2018, ule wa kwanza baada ya miaka kumi na saba, nilipewa kazi ya katibu wa mazingira katika kamati ya mtaa wetu hapa Kampala, upande wa Nakawa, ambako maji ya mvua ya Ntinda, Kyambogo na Banda huteremka hadi kinamasi cha Kinawataka kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Ninachotaka kuwaambia wenzangu mnaoishi karibu na vinamasi ni hiki: sheria tunazo za kutosha. Kinachoiponyoka serikali ya jiji ni wakati. Na wakati huo uko mikononi mwetu sisi tunaolala hapo, maana sisi ndio tunaosikia lori likirudi nyuma usiku.

Mara ya kwanza nilinyamaza. Aliyeuza kipande kile alikuwa mjane, na karatasi ililetwa mezani tulipokuwa tumekaa kamati nzima. Mwenyekiti wa wakati ule akapiga muhuri. Niliona huruma, nikatazama pembeni. Mvua za Aprili zilipokuja, maji yaliyokuwa yakitandaa kwenye mafunjo yakakosa pa kwenda, yakaingia kwa majirani wanne walioishi nyuma ya ule udongo, watu wasiouza wala kununua chochote. Mmoja wao, mama wa makamo anayekaanga samaki jioni, alipoteza magunia mawili ya mkaa na godoro. Hakunilaumu. Alinisalimia kama kawaida, nami ilinichukua muda kumtazama usoni.

Ukitaka kujua tunachopoteza, nenda ukingoni alfajiri kabla boda hazijaanza kelele. Bua la funjo ni refu kumzidi mtu mzima, lina pembe tatu, na ukilikata ndani ni jeupe na laini kama sifongo. Mizizi yake imesukana ikawa mkeka unaoelea juu ya maji meusi. Mkeka huo ndio unaonasa uchafu wa vyoo na mitaro yetu kabla haujafika ziwani. Chini yake kamongo huzaliana. Juu, mnana hufuma viota kwenye mashada, na siku ya bahati utawaona korongo taji wawili, ndege wa bendera yetu, wakitembea taratibu kama wazee waendao kanisani.

Kazi hiyo ya mafunjo ina thamani ya fedha. Mwaka 1999 wachumi waliokichunguza kinamasi cha Nakivubo walikadiria kwamba kusafisha maji machafu ya jiji peke yake kulikuwa na thamani ya hadi dola milioni 1.75 kwa mwaka. Maji ya Nakivubo huingia ghuba ileile ya Murchison ambako mitambo ya Ggaba huvuta maji ya kunywa ya Kampala. Mafunjo yakapungua, maji ya ghuba yakazidi kuchafuka, na kuyasafisha kukawa ghali. Leo kuna mtambo mwingine mbali kule Katosi, Mukono, na uchafu wa ghuba yetu ni sababu mojawapo ya kwenda mbali hivyo.

Sasa, sheria. Ibara ya 237 ya Katiba ya Uganda ya 1995 inasema serikali, ya kitaifa au ya mtaa, inashika maziwa, mito na vinamasi kwa niaba ya wananchi wote. Kanuni za mwaka 2000 zinaweka mita 200 za ulinzi kwenye fukwe za Ziwa Victoria. Sheria ya Mazingira ya 2019 ilikwenda mbali zaidi: inatamka kwamba maumbile yenyewe yana haki ya kuwapo na kuendelea kuishi. Hakuna muhuri wa LC unaoweza kuuza mali ya namna hiyo. Usiambiwe pia kwamba sheria inamfukuza maskini kinamasini. Kukata mafunjo ya mikeka na kuchota maji ya nyumbani ni matumizi ya jadi yanayokubaliwa, na funjo lililokatwa vizuri huchipua tena. Kinachokatazwa ni kukifukia.

Lori lilipokuja mara ya pili, sikusubiri. Asubuhi ileile nilipiga picha nikiwa nimesimama mahali ambapo nguzo ya umeme inaonekana, ili mtu yeyote apatambue. Niliandika barua ya ukurasa mmoja kwa afisa mazingira wa divisheni, nakala kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, nikaipeleka mwenyewe kwa boda na kuomba nakala yangu igongwe muhuri wa kupokelewa. Huo muhuri ndio siri ya kazi yote. Simu husahaulika, na malalamiko ya mdomo hayana mwenyewe, lakini barua iliyopokelewa ina tarehe, na kuna mtu atakayeulizwa kuhusu tarehe hiyo. Siku ya nne afisa alifika na polisi wawili wa mazingira. Udongo ulikuwa bado malori matatu tu, ukasombwa siku moja. Mizizi chini ilikuwa hai. Baada ya misimu miwili ya mvua usingejua kwamba palifukiwa.

Linganisha na kinamasi cha Lubigi, mwaka 2024. Watu walivunjiwa nyumba walizokaa kwa miaka mingi. Niliumia kwa ajili yao, na niliumia kwa ajili ya kinamasi, na sikuona haja ya kuchagua. Kila nyumba iliyobomolewa kule ilianza na kichuguu kimoja ambacho hakuna aliyekiandikia barua.

Kuna kosa jingine nisilotaka mlirudie. Mwaka 2019 tulipewa miche ya bure, tukaipanda kwa furaha ukingoni mwa kinamasi, watoto wa shule wakiimba. Ilikuwa mikaratusi. Mkaratusi unakunywa maji bila kushiba, ndiyo maana wanaotaka kukausha kinamasi huupanda kwa makusudi. Ndani ya miaka mitatu ardhi pale ilipasuka, vyura wakanyamaza. Tuliing'oa wenyewe. Jiji au mfadhili akileta miti, ulizeni kwanza ni mti gani na nani ataumwagilia hadi kiangazi cha pili. Ombeni musambya, musizi, mvule, na zaidi ya yote mutuba, ule wanaotoa gome la kutengenezea lubugo, ile nguo ya jadi. Mutuba ukizaa, ndege hawana hesabu.

Na kalooli? Wengi hawawapendi hao kongoti wakubwa wenye vipara kwa sababu wanakula taka na kuchafua magari. Mimi nawatetea. Katika mji uliopewa jina la swala ambaye hayupo tena kwenye vilima hivi, hao wamebaki, na wanatuonyesha hesabu ya taka zetu ilivyo. Dampo la Kiteezi lilipoporomoka Agosti 10, 2024 na kuua watu wengi, niliwakumbuka ndege waliokuwa wakizunguka juu yake miaka yote. Kiteezi iko wilaya jirani ya Wakiso, taka ni za Kampala. Lubigi nayo imekatwa na mpaka huohuo. Mamlaka moja isipozungumza na jirani yake, hakuna kitakacholindwa.

Kwa hiyo fuateni fedha pia. Mwaka wa bajeti huanza Julai mosi, lakini mikutano ya maoni hufanyika miezi mingi nyuma. Nendeni na ombi moja, dogo, linalopimika: nguzo za mpaka wa kinamasi na mtu wa kuzikagua. Kigali walikirudisha hai kinamasi cha Nyandungu, kikawa bustani ya watu kutembea, na mwaka 2022 jiji lao likatambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda vinamasi, kuwa jiji la vinamasi. Sisi ndio tuliokuwa wenyeji wa mkutano mkuu wa mkataba huo hapa Kampala mwaka 2005. Hilo huniuma kila nikilikumbuka.

Ndugu zangu wa Mbale, Arua, Gulu na nyumbani kwetu Jinja, miji yenu ilipewa hadhi ya jiji Julai 2020, na bado mna mafunjo mengi. Nilikulia Walukuba, na nikirudi bado naweza kushuka Masese nikasikia vyura. Ombeni nguzo sasa, kabla bei ya viwanja haijapanda.

Kwetu zipo kumi na moja za zege. Jumamosi iliyopita nilizipitia na vijana wawili wa mtaa. Ya saba imeng'olewa, na kando ya shimo lake kuna alama mpya za tairi. Barua imeshapokelewa, nakala yenye muhuri iko mezani kwangu.