Mama anaguna akifungua friji yangu

SWALI: Shangazi shikamoo. Mama yangu alisoma sayansikimu shuleni, lile somo la mapishi na mambo ya nyumbani, mpaka leo haendi dukani bila karatasi na kila pakiti lazima aigeuze asome nyuma. Mimi nilikuta somo limeshaondolewa, nanunua kwa macho, nikiona ofa nabeba. Binti yangu wa miaka 13 ye anataka tu vile alivyoviona kwenye simu. Kila wiki tunatupa chakula, mama akija anafungua friji anaguna. Kweli somo moja tu ndo litutofautishe hivi? Na je, nimeshachelewa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujachelewa hata kidogo, na hilo somo ndiyo, linachangia sana, japo si peke yake maana hata pesa na muda vinaamua unabeba nini. Watu walilidharau wakaliita somo la kupika na kushona, kumbe ndani yake mlikuwa na bajeti, lishe, kuhifadhi chakula na kupanga mlo wa wiki nzima kabla hujatoka mlangoni. Mama yako anaanzia jikoni, anaangalia kilichobaki, anapanga watakula nini, ndo anaandika. Wewe unaanzia kwenye rafu ya duka, ukifika nyumbani ndo unajiuliza hivi nitavipikia nini, na hapo ndipo chakula kinapoozea.

Kuna kitu kinaniuma kidogo, somo hili sehemu nyingi lilionekana la wasichana tu. Japani walikuja kulifanya la lazima kwa wavulana pia, 1993 shule za kati na 1994 sekondari za juu, kwa hiyo kama una mtoto wa kiume naye aende sokoni.

Sasa huyo binti usimkataze simu, mpe pakiti mbili za biskuti mkononi. Mwambie viungo huandikwa kwa uzito, kilicho kingi kinatangulia, kwa hiyo sukari ikiwa ya kwanza au ya pili basi hiyo pakiti ni sukari kweli kweli, na aangalie vizuri maana inajificha kwa majina mengine, glukosi, fruktosi, sirapu, ikigawanywa hivyo kila jina linashuka chini kwenye orodha na mtu anadhani iko kidogo. Halafu alinganishe kwa gramu 100, asilinganishe kwa kipande, kila kampuni inajipangia kipande chake. Bei vilevile, agawanye kwa gramu, pakiti kubwa si lazima iwe rahisi. Na tarehe: "tumia kabla ya" inahusu usalama, ikipita usile, ila "bora kabla ya" ni ubora tu, na nahisi nusu ya unavyotupa ni hivyo.

Mama naye usimwone anakusumbua, ana ujuzi ambao haujaandikwa kwenye pakiti yoyote. Mwombe amwonyeshe mjukuu samaki mbichi, jicho liwe ang'avu limejaa, matamvua mekundu, nyama ukiibonyeza irudi. Jumamosi hii waende wawili, mtoto ndo ashike karatasi na pesa, bibi asimame pembeni asimpokonye, hata akikosea kitu kimoja mwache akosee. Wewe baki nyumbani uandike kwenye daftari kila ulichotupa wiki hii, na kwa nini kiliharibika.