Waliahidi kununua, mbona hawakununua?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninapeleka mboga za majani majumbani, Tabata na Segerea. Mwaka 2020, korona ilipoingia, wateja wengi waliniulizia mchicha na matembele yasiyopigwa dawa wala kutiwa mbolea ya viwandani, wakaahidi kununua hata kwa bei ya juu. Nilipoyaleta, walionunua ni wachache mno. Je, walinidanganya? – Muuza mboga, Tabata.

JIBU: Ndugu yetu, hatudhani kwamba walikudanganya, siku walipoahidi, walimaanisha. Mwanasaikolojia Icek Ajzen, katika nadharia aliyoieleza mwaka 1991, anaonyesha kwamba nia ya mtu hujengwa na mtazamo wake kuhusu jambo, na yale wanayotarajia watu anaowajali, na jinsi anavyoona kuwa jambo lenyewe analiweza. Wakati wa korona mambo mawili ya kwanza yalipanda ghafla: kila nyumba ilizungumzia kinga ya mwili, watu walijifukiza, malimao na tangawizi yakagombaniwa sokoni, na mboga isiyo na dawa ikaingia katika kapu hilo hilo. Hata hivyo, hakuna ushahidi kwamba mazao ya kilimo hai, yaani yaliyolimwa bila dawa wala mbolea za viwandani, humkinga mtu na virusi vya korona, na tunakuomba usiwaahidi wateja wako kinga hiyo.

Jambo la tatu, la mtu kuona kwamba analiweza, ndilo lililokwama. Shule zilifungwa, hoteli zikakosa wageni, na mama aliyebaki na shilingi elfu mbili za mboga na kitoweo hakuweza kuongeza bei ya fungu moja, hata kama moyo ulitaka.

Kwa maoni yetu, lakini, bei si kikwazo kikubwa kama kutoaminiana. Mtazame mteja anavyolipindua fungu la mchicha akitafuta jani lililotobolewa na wadudu, na akiliona anaridhika kwamba dawa haikupita hapo. (Tundu lile, kwa kweli, huenda linathibitisha tu kwamba mdudu aliiwahi dawa.) Mkazi wa Dar es Salaam anajua pia kwamba mboga nyingine hulimwa katika bonde la Msimbazi, ambako watafiti wamekuta metali nzito, mfano madini ya risasi, kwenye majani, uchafu ambao hauondoki kwa mkulima kuacha dawa peke yake. Ndiyo maana anataka kwanza kujua mboga imetoka wapi na imemwagiliwa maji gani. Nembo ya Kilimohai, inayotumika pamoja na kiwango cha kilimo hai cha Afrika Mashariki cha mwaka 2007, ingeweza kumjibu sehemu ya swali hilo, ila fungu lililofungwa kwa kamba ya mgomba halina mahali pa kubandikwa nembo.

Kwa hiyo wewe ndiwe nembo yao. Wachukue wateja wawili watatu Jumamosi moja, uwapeleke kwa mkulima wako wakaone matuta, samadi na kisima anachomwagilia, kisha ndipo uwatajie bei.