Kabla ya kuuliza Tanzania ni ya ngapi: nani alipimwa, na kwa lugha gani?

Ndugu mleta mada, umeuliza mambo mawili. La kwanza, kwa nini Tanzania haimo kwenye jedwali la PISA la mwaka 2022, upimaji wa kimataifa wa wanafunzi, lile ambalo Singapore imeongoza kwa alama 575 za hisabati. La pili, kama ni kweli kwamba watoto wetu wako nyuma ya Wakenya, kiasi kwamba unafikiria kumhamishia mwanao shule ya mchepuo wa Kiingereza hapa mjini Dodoma. Nimefundisha Hisabati katika shule za msingi za vijijini kwa zaidi ya miaka ishirini, kwanza upande wa Bahi na baadaye Chamwino, na nimepata kukaa upande wa wanaopimwa na upande wa wanaopima. Nitajibu kwa niliyoyaona.

La PISA halina mjadala mrefu. Upimaji huo unasimamiwa na OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, tangu mwaka 2000, unahusu vijana wa miaka 15, na nchi huingia kwa kutaka yenyewe. Sisi hatukuingia awamu hiyo. Kutokuwamo kwenye jedwali si sawa na kushika mkia.

Hata hivyo, si kweli kwamba hatujawahi kulinganishwa na majirani. Mwaka 2007 ulifanyika upimaji wa tatu wa SACMEQ, ushirika wa wizara za elimu za Kusini na Mashariki mwa Afrika, uliohusu darasa la sita katika mifumo 15 ya elimu, Tanzania Bara na Zanzibar zikihesabiwa kila moja peke yake. Shule yangu iliangukia kwenye sampuli. Nakiri kwamba nilipopata taarifa nilianza kuwapanga kichwani watoto wa kututoa kimasomaso. Msimamizi alipofika hakuniuliza lolote kuhusu hao. Aliomba rejista, akachagua majina 25 kwa namba za bahati nasibu, na mvulana niliyemtegemea kuliko wote akabaki nje chini ya mbuyu akisubiri wenzake watoke. Waliochaguliwa waliulizwa pia kuhusu vitabu vilivyopo nyumbani, taa wanayosomea na milo wanayokula kwa wiki. Sisi walimu nasi tukapewa karatasi yetu ya maswali, jambo ambalo halikumfurahisha mtu yeyote ofisini.

Matokeo yalipotoka, Tanzania Bara ilikuwa na wastani wa alama 578 katika kusoma na 553 katika hisabati, kwa kipimo ambacho wastani wake wa 500 uliwekwa katika awamu iliyotangulia. Kenya ilipata 543 katika kusoma na 557 katika hisabati. Kwa maneno mengine, katika kusoma hakuna aliyetuzidi, hata Morisi, na katika hisabati tofauti yetu na Kenya ilikuwa alama nne, ambazo mtu mwenye busara hawezi kuzijengea hoja yoyote.

Hapa ndipo ninapowaomba wadau waende polepole. Watoto wangu walisoma vifungu na maswali yote kwa Kiswahili, lugha waliyofundishiwa tangu darasa la kwanza, ilhali wenzao wa Kenya, Uganda, Zambia na Malawi walifanya kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi wao ni lugha ya pili au ya tatu. Wapo wanaosema kwamba kwa sababu hiyo ushindi wetu ulikuwa wa bure. Mimi sioni hivyo. Mtoto wa darasa la sita anayeelewa anachokisoma ameelewa, na kama lugha ndiyo iliyomsaidia, basi tumejifunza jambo kuhusu lugha. Nisichoweza kukubali ni mtu kuchukua zile 578 na 543 akasema mwalimu wa Tanzania anamzidi wa Kenya. Vilivyopimwa ni vitu viwili vilivyoandikwa kwenye safu moja.

Miaka michache baadaye nilijitolea katika upimaji wa Uwezo, ambao haukuwapimia watoto shuleni bali ulipita nyumba kwa nyumba na kuwapima watoto wote wa umri wa miaka 7 hadi 16 waliomo, awe anasoma au hasomi, kwa kiwango cha darasa la pili: herufi, maneno, aya, hadithi. Wakati ule ule ambao tulikuwa bado tunajivunia SACMEQ, Uwezo ilikuta kwamba takriban watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu ndio walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya darasa la pili. Nilisikia watu wazima wakigombana redioni kuhusu nani mwongo kati ya SACMEQ na Uwezo, nami nikawa najiuliza kama kuna hata mmoja wa wagombanaji aliyewahi kuingia kwenye hizo nyumba.

Katika nyumba moja nilimkuta mvulana wa miaka 13 aliyerudi kunywesha ng'ombe. Aliacha shule darasa la tatu, kwa hiyo hakuna upimaji wa darasa la sita ambao ungewahi kumwona. Hapo hapo alikuwapo dada yake mdogo. Alisoma hadithi nzima bila kukwama hata mahali pamoja, lakini nilipomuuliza kwa Kiswahili kilichotokea katika hadithi alinitazama tu. Bibi yake akamuuliza lile lile kwa Kigogo, na mtoto akajibu nusu yake sawasawa. Kiswahili tunachokiita chetu, kwake ni lugha aliyoikuta shuleni. SACMEQ ilihesabu waliofika darasa la sita na ikawalinganisha na waliofika darasa la sita kwingineko. Uwezo ilihesabu waliopo kijijini. Zote mbili zilisema kweli.

PISA nayo ina pengo la aina hiyo, kwa sababu humchukua kijana wa miaka 15 aliyeko shuleni kuanzia darasa la saba na kuendelea. Vietnam ilipoingia kwa mara ya kwanza mwaka 2012 ilipata 511 katika hisabati, ikazipita Uingereza yenye 494 na Marekani yenye 481, na dunia ikashangaa. Wengi hawakusoma ukurasa unaosema kwamba sampuli ile iliwakilisha zaidi kidogo tu ya nusu ya vijana wote wa miaka 15 nchini humo. Sitaki kuwanyang'anya Wavietnam sifa zao, maana walimu wao wanafanya kazi kubwa, lakini jiulize jedwali la namna hiyo lingetuchoraje sisi, ambao kijana wa miaka 15 anaweza kuwa kidato cha pili, darasa la saba, machungani au kwa mume.

Mtihani wa NECTA, yaani wa Baraza la Mitihani la Tanzania, nao usiutumie kwa kazi hii. Ule ni wa kuchagua na kutunuku, maswali hubadilika kila mwaka, na madaraja hupangwa na watu. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, ambapo takriban asilimia 60 walipata daraja sifuri, yaani walifeli, yalifutwa mwaka 2013, yakapangwa upya na kutangazwa tena, na ufaulu ukapanda bila mtoto yeyote kushika kalamu. SACMEQ na PISA hurudia baadhi ya maswali yale yale kutoka awamu moja hadi nyingine na huyafungia yasivuje, ndiyo maana wanaweza kusema nchi imepanda au imeshuka.

Sasa kuhusu mwanao. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, aliyekuwa mzuri wa hesabu, alikuja kwangu akiwa kidato cha kwanza, ambako masomo hufundishwa kwa Kiingereza, na daftari lenye swali la Kiingereza: mkulima ana mbuzi 48, ameuza theluthi moja, wamebaki wangapi? Alikuwa ameandika 16, na mwalimu amepiga mkasi mwekundu. Nikamsomea kwa Kiswahili, naye hata kalamu hakuichukua: "Thelathini na mbili, mwalimu. Kwani ndivyo walivyouliza?" Hakulijua neno moja tu, lile la "kubaki". Alikuwa amekokotoa waliouzwa, na amekokotoa vizuri.

Kwa hiyo, kabla hujalipa ada ya shule nyingine, mpe mwanao swali hilo la mbuzi leo jioni kwa Kiingereza, kesho umpe la kuku 60 kwa Kiswahili, kisha umpe kifungu kifupi cha kila lugha asome akuelezee alichoelewa. Akipata la kuku na kukosa la mbuzi, kazi iliyopo ni ya Kiingereza, na hiyo mwalimu wake wa sasa anaweza kumsaidia. Akikosa yote mawili, shida iko kwenye theluthi, na shule ya mchepuo itamfundisha theluthi hiyo hiyo kwa lugha ngumu zaidi. Ukishampima, rudi hapa utuambie amepata ngapi.