Video Ikigoma Kutoka, Angalia Kwanza Ilipokwama

Kila mwaka kuanzia katikati ya Desemba, familia za Kilimanjaro zinaporudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Dodoma na kwingineko, harusi, ubatizo, kipaimara na jubilei za ndoa hufuatana bila nafasi katikati, na sisi wahariri wa video wa Moshi na Arusha hulemewa na kazi. Msimu huohuo ndipo simu za wenzangu huongezeka, na nyingi huja na swali lilelile: kazi imekwisha kuhaririwa, rangi zimesawazishwa, muziki umekaa mahali pake, lakini programu inakataa kutoa faili la mwisho. Mteja naye anaondoka keshokutwa.

Wengi hukimbilia kuifuta programu na kuisakinisha upya, au kubadilisha mipangilio mitano kwa pamoja. Njia hiyo hula muda mwingi na, hata inapofaulu, haimwonyeshi mtu kilichokuwa kibaya, kwa hiyo tatizo hurudi katika kazi inayofuata. Ninachoshauri ni kurudia kutoa video mara moja bila kugusa chochote, kisha kuandika mahali hasa ilipokwama. Ikikwama pale pale ilipokwama mwanzo, kosa limo ndani ya taimlaini, yaani mstari wa programu ambapo picha na sauti hupangwa kwa mfuatano. Ikikwama mahali pengine, ishuku kompyuta yenyewe. Ikiwa faili linafikia ukubwa uleule kila mara kabla ya kukatika, chunguza diski. Na video ikitoka hadi mwisho lakini sauti na midomo havipatani, basi kasoro iliingia siku ya kurekodi, na utafutaji uanzie kwenye klipu za awali, yaani vipande vya video kama vilivyorekodiwa.

Tuanze na kukwama mahali pamoja, kwa sababu ndiko kunakosumbua zaidi. Premiere Pro, moja ya programu za kuhariri video, inaposhindwa kuitoa, mara nyingi hutaja muda wa taimlaini uliokaribia kosa, na DaVinci Resolve, programu nyingine ya kuhariri, hutaja fremu (picha moja kati ya zile zinazounda video) au klipu iliyoshindwa kusomeka. Watu wengi huifunga ile taarifa bila kuisoma, ilhali ndiyo yenye msaada mkubwa kuliko yote. Ipige picha kwa simu kabla ya kuifunga. Nenda kwenye muda huo, na kwa kuwa hutajwa kwa kukadiria, angalia pia sekunde chache kabla na baada yake. Weka alama ya kuanzia na ya kumalizia, toa kipande hicho kifupi peke yake, na kikigoma zima athari zilizo juu ya klipu moja baada ya nyingine, ukianza na plagini ulizoziongeza kutoka nje ya programu. Klipu ikigoma hata ikiwa tupu, huenda iliharibika wakati wa kunakiliwa, na dawa yake ni kuinakili upya kutoka kwenye kadi ya kamera. Hii ndiyo sababu ninasisitiza kwamba kadi isifutwe kabla mteja hajapokea kazi yake na kuitazama.

Kuna nyakati programu hujifunga yenyewe bila kusema lolote. Hapo gawanya taimlaini nusu kwa nusu: toa nusu ya kwanza, ikipita basi kosa limo katika nusu ya pili, nayo uigawanye tena. Filamu ya saa mbili ukiigawanya mara saba hivi hubaki na kipande kisichofika dakika moja. Mwenzangu mmoja wa Rau, Moshi, alinipigia akisema, "Kaka, hii harusi imenishinda, nimeshabadilisha hadi kompyuta." Tulipoigawanya hivyo tulifika kwenye sehemu ya kumbukumbu ya wazazi, ambamo aliweka picha ya zamani ya babu wa bwana harusi, iliyoskaniwa kwa ubora mkubwa mno, upana wake ukizidi pikseli 10,000, kisha akaitia mwendo wa kukuza polepole. Kadi ya michoro ililazimika kuibeba picha nzima kwa kila fremu, na kumbukumbu yake, yaani nafasi yake ya kushikilia data wakati wa kazi, haikutosha. Tuliipunguza ikawa na upana wa pikseli 3,840, ambao unatosha hata kwa video ya 4K isiyokuza sana, na filamu ikatoka. Tangu hapo naikagua kila picha iliyoskaniwa kabla haijaingia kwenye taimlaini, na ninaomba wenzangu wafanye hivyo, hasa kwa filamu za familia ambazo picha za wazee hukusanywa kutoka kila upande.

Ikikwama leo kwenye dakika ya kumi na kesho kwenye ya arobaini, acha kuitafuta klipu mbaya. Jaribu kutoa video hiyo kwa kutumia prosesa peke yake, bila msaada wa kadi ya michoro. Katika Premiere Pro badiliko hilo hufanywa kwenye mipangilio ya mradi, sehemu ya kurenda (kuchakata picha pamoja na athari zake), na pia kwenye dirisha la kutolea video, pale unapochagua usimbaji (kubana video kuwa faili) wa programu badala ya ule wa kifaa. Kazi itakwenda polepole sana, lakini ikifika mwisho utakuwa umejua kwamba tatizo liko kwenye kadi ya michoro au draiva yake, yaani programu inayoiendesha. Wenye kadi za Nvidia wana draiva za aina mbili, moja ikilenga michezo na nyingine ikilenga kazi za ubunifu. Hii ya pili ndiyo ninayoipendekeza kwa mhariri. Kama kosa lilianza baada ya kusasisha draiva, rudi kwenye toleo la nyuma.

Kadi yenye kumbukumbu ya GB 4 hulemewa upesi na video za 4K zilizowekewa kipunguza chembechembe, hasa picha za ukumbini usiku. Badala ya kuiacha ifanye yote kwa mpigo, renda klipu nzito mapema na uzibadilishe kwenye taimlaini kwa nakala zilizokwisha kurendwa. Premiere Pro na Resolve zote zina amri hiyo ndani yake.

Joto nalo lisidharauliwe. Moshi iko chini kuliko Arusha, na mwezi wa Januari na Februari chumba chenye bati bila dari huwa tanuri. Prosesa nyingi za laptopu hujipunguzia kasi zinapokaribia nyuzi 100, na mashine iliyojaa vumbi huweza kujizima kabisa. Inua laptopu iachane na meza ili hewa ipite chini yake, mpe fundi asafishe feni, na usirende ikiwa juu ya kitanda.

Kuhusu umeme nitasema kwa mkazo. Faili la MP4 kwa kawaida huandikiwa orodha yake ya yaliyomo mwishoni kabisa, na bila orodha hiyo kichezeshi hakijui fremu ipi iko wapi. Umeme ukikatika kwenye asilimia 95, utaliona faili kwenye folda, lina ukubwa wa kuridhisha, lakini halifunguki. Kwa hiyo filamu ndefu siitoi kwa mkupuo mmoja. Naitoa kwa sehemu, kanisani peke yake, kupiga picha peke yake, ukumbini peke yake, kwa kodeki ya kati (mfumo unaoibana video kidogo tu, wa kutumia wakati wa kazi) kama DNxHR au ProRes, kisha naziunganisha kwenye taimlaini mpya isiyo na athari hata moja na kutoa MP4 ya mteja. Umeme ukikatika, hupotea sehemu moja tu. Gharama yake ni nafasi: ProRes 422 ya 1080 kwa fremu 25 kwa sekunde hula karibu GB 55 kwa saa moja. Mimi naona nafasi hiyo inalipa, na kwa anayetumia kompyuta ya mezani, UPS (kifaa chenye betri ya akiba) inayomudu angalau dakika za kusimamisha kazi kwa utaratibu ni kifaa cha lazima sawa na kamera.

Sasa diski. Flashi nyingi zinazouzwa madukani huwa zimeumbizwa kwa FAT32, mfumo usiopokea faili moja linalofikia GB 4. Video ya megabiti 10 kwa sekunde hufika hapo baada ya dakika 57 hivi, na ndiyo maana kuna wanaoshangaa kwamba filamu fupi hutoka salama lakini ya saa moja hukataa. Toa video kwenye diski ya ndani au ya nje yenye mfumo wa NTFS au exFAT, kisha ndipo uinakili. Tatizo ni kwamba baadhi ya televisheni za zamani nyumbani kwa wateja husoma FAT32 pekee. Hapo piga hesabu: megabiti kwa sekunde zidisha kwa sekunde za filamu, gawanya kwa 8, unapata megabaiti. Filamu ya dakika 90 kwa megabiti 6, sauti ikiwemo, ni takriban MB 4,050, nayo inaingia. Ikizidi hapo, igawanye sehemu mbili mahali panapoleta maana, kwa mfano baada ya ibada.

Usisahau pia kwamba programu huandika kashe yake, yaani mafaili ya muda, mara nyingi kwenye diski C, hata kama video unaielekeza kwingine. Diski hiyo ikijaa, kutoa video kunaweza kusimama kwa ujumbe usiotaja diski kabisa. Na kwenye Windows, ulinzi dhidi ya virusi vya kudai fidia unaweza kuizuia programu isiandike ndani ya folda za Nyaraka au Video. Folda mpya uliyoitengeneza moja kwa moja kwenye diski D huondoa shaka hiyo.

Kwa wenzangu wa Arusha wanaohariri filamu za wapanda mlima, adui mkubwa ni picha za simu. Mgeni hurekodi kwa simu yake hadi Kilele cha Uhuru, mita 5,895, halafu anaomba zichanganywe na za kamera. Simu nyingi hurekodi kwa idadi ya fremu inayopandashuka kulingana na mwanga na uwezo wa simu kwa wakati huo, na baadhi ya programu huzisoma kana kwamba ni thabiti. Mwanzo wa klipu mgeni anasema na midomo inapatana, lakini kadiri klipu inavyoendelea sauti huachana na picha. Kuisogeza sauti kwa mkono hakusaidii, maana tofauti hukua. Zipitishe klipu zote za simu kwenye HandBrake, programu ya bure ya kubadilisha video, uchague idadi thabiti ya fremu na ubora wa juu, na ufanye hivyo kabla ya kuanza kuhariri. Papo hapo hakikisha droni na kamera zimepangwa kwa kasi moja ya fremu. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo fremu 25 na shata ya 1/50 ya sekunde hupunguza kumetameta kwa taa. Droni iliyoachwa kwenye fremu 30 itaonekana ikirukaruka ndani ya taimlaini ya 25, na mtu ataisingizia programu bure.

Skrini kubwa za LED za mikutano na sherehe zina mtego wake. Vipimo vyake si vya kawaida, na H.264 ya kawaida, mfumo wa kubana video ulio ndani ya MP4 nyingi, inahitaji upana na urefu vyote viwe namba shufwa. Zaidi ya hapo, kadi nyingi za Nvidia hazisimbi H.264 inayozidi upana wa pikseli 4,096. Muulize fundi wa skrini vipimo kamili mapema, na kwa upana unaozidi hapo tumia H.265, mfumo mpya zaidi, au usimbaji wa prosesa.

Programu zilizovunjwa kufuli (zinazotumiwa bila leseni) siwezi kumsaidia mtu kuzitibu, kwa kuwa hakuna ajuaye kilichobadilishwa ndani yake. Resolve ina toleo la bure linalotoa hadi 3840 kwa 2160, na Kdenlive na Shotcut ni huru kabisa. Mhariri anayeanza anaweza kuziendeshea biashara halali.

Faili likishatoka, usiliamini kwa sababu tu upau umefika mwisho. Lifungue kwenye kichezeshi cha VLC, tazama dakika ya kwanza, kila mahali sehemu zilipounganishwa, na dakika ya mwisho, ukisikiliza kwa vipokea sauti. Linakili kwenye flashi, iondoe flashi kwa kufuata utaratibu wa kompyuta, kisha ichomeke kwenye televisheni na utazame tena kabla ya kumpigia mteja aje kuchukua.