Kabla Hujapanda Basi la Nairobi: Majibu kwa Wachora Katuni

Wiki hii wengi walioniandikia ni vijana wa Kisumu, Nakuru na Kakamega wanaotaka kuhamia Nairobi kufanya uhuishaji, yaani kuzifanya katuni zitembee. Kompyuta wanazijua. Kinachowasumbua ni roho.

*Hapa Kondele, Kisumu, kila mtu anajua mimi ndiye fundi wa katuni. Naogopa kufika Nairobi nionekane wa kawaida.*

Utaonekana wa kawaida, ndugu yangu, na heri ulijue mapema. Katika studio, katuni moja hupita mikono mingi: wa hadithi, wa kubuni wahusika, wa mandhari, wa mwendo, wa sauti. Wewe uliyezoea kufanya yote peke yako chumbani huenda ukapewa mikono tu ya mhusika aliyebuniwa na mwingine. Sekunde moja ya filamu ina fremu 24, yaani picha 24 zinazofuatana. Hata mchoro mmoja ukikaa fremu mbili, bado ni michoro 12, na msimamizi anaweza kuirudisha yote kwa sababu bega limechelewa kugeuka. Kurudishiwa kazi si kutukanwa, ila mwanzoni kunauma vilevile. Jizoeze sasa: huisha sekunde tano, mpe mtu asiyekupenda sana aikosoe, uirudie bila kujitetea. Mama mzazi hafai kwa shughuli hii, atakusifu tu.

*Baba alinilipia karo ya uhandisi, nami nataka katuni. Nitamwambiaje? Kakamega.*

Usimwambie kwa simu ukiwa umeshafika Nairobi. Nenda nyumbani, mkae. Ukiona atawaka, mtangulize mjomba. Wala usianze na habari za ndoto, mzungumzie kazi. Katuni ya watoto Tinga Tinga Tales, iliyoonyeshwa na BBC, ilitengenezwa Nairobi. Mwaka 2023 Mkenya Ng'endo Mukii alikuwa miongoni mwa waongozaji wa Kizazi Moto, mkusanyo wa filamu fupi za katuni wa Disney+. Kisha umpe na ubaya wake: ajira nyingi ni za mkataba wa mradi, na mradi ukiisha, mshahara nao unaisha. Mzee atakuuliza utakula nini miezi hiyo. Kama huna jibu, hajakosea kukukatalia.

*Lazima nihame? Niko Nakuru.*

Si mwaka huu. Blender ni programu ya bure ya uhuishaji, na Triggerfish, studio ya Cape Town, ina masomo ya bure mtandaoni. Nairobi iko kilomita 160 hivi kutoka kwako: nenda, onyesha kazi zako, rudi ulale kwenu. Wa Kisumu anakuonea wivu.

*Nahama Kisumu mwezi ujao, bedsita nimepata, lakini usiku silali.*

Dada, pengine hesabu ndiyo inayokuamsha. Andika kodi, amana, tokeni za stima, nauli ya kila siku. Halafu andika tarehe ya kupima mambo ikiwa kazi haijapatikana, umwambie mtu wa nyumbani, ili ukirudi Kisumu uwe umerudi kwa mpango. Pia tafuta mapema mtu wa kula naye Jumapili. Kazi hii ni ya kutazama skrini. Wiki inaweza kuisha hujaongea na yeyote ila keateka. Na mwenye nyumba wa sasa mpe notisi kwa maandishi, asije akakatalia na amana yako.