Jibu: ./configure inagoma ndani ya WSL (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows), inataja "/bin/sh^M"

Ndugu, unasema ./configure, skripti inayoandaa mradi kabla ya kuujenga, inagoma. gcc yako (kikusanyaji cha msimbo wa C) haina tatizo, kwa hiyo usiisakinishe upya. Hiyo ^M ndiyo mchawi. Windows hufunga kila mstari kwa alama mbili zisizoonekana, CR na LF; ^M ni CR hiyo inavyoonyeshwa. Linux hutumia LF peke yake. Git (programu ya kupakua na kutunza msimbo) ya upande wa Windows, mpangilio wake core.autocrlf ukiwa true, hugeuza mafaili wakati wa kupakua. Ubuntu inaposoma mstari wa kwanza wa skripti, inaichukua CR kuwa sehemu ya jina na kutafuta programu ambayo haipo.

Hakikisha kwanza:

file configure

Ukiona "CRLF", ndiyo hiyo.

Wengi watakwambia uendeshe dos2unix configure, amri inayoondoa CR kwenye faili hilo. Itasogea hatua moja tu, kisha itakwama kwenye config.guess, install-sh au Makefile.in, maana nayo yameharibika vilevile. Nilipoteza jioni nzima nikisafisha faili moja moja. Nakusihi usipitie huko.

Futa folda hiyo (hifadhi kwanza ulichobadilisha), fungua Ubuntu, weka git yake kwa sudo apt install git, kisha nenda cd ~ na ufanye git clone humo humo. Usirudi /mnt/c: kwenye WSL 2, kusoma mafaili madogo mengi kutoka diski ya Windows ni polepole sana, na make (amri ya kujenga programu) itakuchosha.

Kama mradi ni wako, ongeza kwenye .gitattributes, faili linaloiambia git ifungeje mistari:

*.sh text eol=lf
configure text eol=lf

Ikigoma tena, bandika hapa mistari ya mwisho ya config.log, faili ambamo configure huandika kumbukumbu zake.