Re: Saa ya kompyuta isome 14:15 badala ya 2:15 PM

Mkuu, kama nimekuelewa, unataka deskitopu yako hapo Nkuhungu, Dodoma, isome 14:15 na sio 2:15 PM, na unatumia Windows 10. Hilo dogo sana, wala usiibebe kwa fundi mjini akakupige hela bure. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika intl.cpl halafu enter, kitafunguka kidirisha cha Region, sasa hapo tafuta palipoandikwa Short time, utakuta h:mm tt, we chagua HH:mm kisha Apply, OK. Basi. H kubwa ndo inaleta masaa 24, h ndogo ni 12, na hiyo tt ndo inayobandika AM na PM. Ukiweka H moja asubuhi itasoma 7:05, zikiwa mbili 07:05, mi napenda mbili.

Kama saa yenyewe iko mbele au nyuma, hapo tatizo sio fomati, angalia zoni ya saa (Time zone), chagua Nairobi UTC+03:00 maana Dodoma haimo kwenye ile listi. Ila ule mpango wako wa kurudisha masaa sita nyuma ili isome saa za Kiswahili achana nao kabisa, mafaili yote utakayosevu yatabeba muda wa uongo.